Vimiminika vitano na jiko la jirani

Jumamosi, 31 Mei 2025

Harufu imerudi. Wiki ya tatu sasa, nikifungua mlango wa gari asubuhi napokewa na petroli kabla sijaushika usukani. Mchana madirisha yakiwa wazi haisikiki, kwa hiyo nimekuwa nikijidanganya kwamba imekwisha. Leo nimetandika turubai, nikalala chini na kuchungulia. Kule nyuma, bomba la chuma linapokutana na tenki, kuna kipande kifupi cha mpira. Kimepasuka mistari midogo midogo kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku, na vumbi limeganda pale likawa jeusi. Hakuna tone linalodondoka. Panalowa, panakauka, panalowa tena.

Gari ni Corolla ya 1999. Fundi niliyempelekea mwanzo aliuzungushia mpira huo utepe mweusi wa umeme, akafuta mikono na kuniambia, "Hiyo imekwisha, mwalimu." Ilidumu siku nne. Petroli inaiyeyusha gundi ya utepe kama chai inavyoyeyusha sukari. Basi nimeamua kufanya mwenyewe, hapa nyumbani Mabatini, Mwanza. Na kwa kuwa nitakuwa nimeshalala chini, nimalize yote: mpira na filta ya petroli, maji ya rejeta ambayo yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, mafuta ya breki ambayo sikumbuki yaliwekwa lini, maji ya betri, na oili ya injini. Lengo ni daraja la Kigongo–Busisi likifunguliwa nivuke kwenda Sengerema kumwona mama bila foleni ya kivuko, na bila kunuka kama kituo cha mafuta.

Kufungua nati najua. Kinachonikosesha usingizi ni kile kinachofuata nati ikishafunguka: kinachotoka kinakwenda wapi? Mabatini si uwanja wa mpira. Nyumba yangu imekaa kwenye mteremko wa mawe, chini yangu kuna jirani, chini ya jirani kuna mtaro, mtaro unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Ziwa hilo ndilo tunalokunywa.

Jumapili, 1 Juni

Leo sikugusa gari, nimetafuta vyombo.

Kwa petroli nimenunua dumu la bati la lita 20 lenye mfuniko wa kubana na mpira wake. Madumu ya njano ya mafuta ya kula yamejaa kila kona, na wapo wanaobebea petroli humo. Tatizo mfuniko wake haukutengenezwa kuzuia mvuke, na ukiliacha juani linavimba kama chura. Kwa oili nina karai pana, halafu itarudi kwenye dumu lile lile la oili mpya likishakuwa tupu. Kwa maji ya rejeta, dumu la lita 10. Mafuta ya breki ni nusu lita tu, nikasema chupa yoyote ya maji itatosha.

Kazi ilikuwa kupata pampu ya kunyonyea petroli. Nilizunguka mjini na kuonyeshwa mipira mitupu: "Vuta kwa mdomo kidogo tu, ikija unatema." Nikateremka Kirumba, Mwaloni, kwa wauza spea za injini za mitumbwi. Pale nimepata dawa kwa bei ya sahani mbili za wali samaki. Katikati ya mpira unaopeleka petroli kwenye injini ya mtumbwi kuna kipampu laini, umbo la ndimu kubwa, ambacho mvuvi hukiminya mara tano sita kabla ya kuvuta kamba. Ndani kina valvu zinazoruhusu mafuta kwenda upande mmoja, na kwa nje pana mshale unaoonyesha upande huo. Mpira wake umetengenezwa kwa petroli, haulainiki. Ziwa limejaa vitu hivi, na sisi wenye magari tunaendelea kunyonya kwa midomo.

Nimekagua pia kizima moto cha gari. Sindano yake imelala kwenye nyekundu, sijui tangu lini. Miaka yote hii kimekuwa pambo la kumwonyesha trafiki. Nimekipeleka kujazwa, unga mkavu, na kando nimeweka ndoo mbili za mchanga. Ndoo ya maji nimeiondoa kabisa ili mtu asije akaikimbilia kwa mazoea. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji inaelea juu yake na kusafiri ikiwa inawaka, na kwa mteremko wetu ingesafiri mbali. Namba ya zimamoto, 114, nimeiandika kwa chaki ukutani.

Jumamosi, 14 Juni

Wikiendi iliyopita nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Wiki hii nzima nimeendesha bila kuongeza mafuta hadi taa ikawaka jana jioni pale Buzuruga. Lita ambayo haimo haimwagiki.

Saa 12 na nusu asubuhi nimeliegesha gari mahali pekee palipo sawa, nikazuia magurudumu kwa mawe (mawe ndiyo hatukosi), na kabla ya kushika chochote nikashuka kwa jirani. Huyu mama anakaanga samaki, mtaa mzima tunamwita Mama Samaki. Jiko lake la mkaa liko mita kumi na tano hivi chini ya gari langu, nyuma ya ukuta unaonifika kiunoni.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwalimu. Umelilaza gari leo?"

Nilimweleza. Petroli yenyewe, ile unayoiona, siyo inayoshika moto. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse asubuhi ya Mwanza. Ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Unatambaa chini, unafuata mteremko kama maji, unajaa kwenye mashimo, na ukifika kwenye mkaa unawaka kule, halafu moto unarudi na njia ile ile hadi ulikotoka. Wala hauhitaji kuwa mwingi: hewa yenye mvuke wa asilimia moja na nusu hivi inatosha. Alinisikiliza huku anapara sangara, magamba yakiruka.

"Mafuta ya taa mbona tunayaweka karibu na koroboi usiku kucha?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 au zaidi kabla mvuke wake haujatosha kuwaka, ndiyo maana koroboi inahitaji utambi. Sisi tuliokulia mji wenye mtaa unaoitwa Makoroboi tumezoea mafuta yanayongoja kuwashwa. Petroli haingoji. Dizeli nayo ina subira kama ya mafuta ya taa, na dereva wa lori akikwambia anaoshea spana kwa mafuta kila siku na hajawahi kuungua, muulize ni mafuta gani.

"Mimi moto nawasha saa tatu," alisema. "Kabla ya hapo ni kupara tu."

"Nikichelewa je?"

"Nipigie kelele. Samaki nimeshamkamata, hakimbii."

Niliporudi juu nikagundua upepo hauko upande wangu. Hapa kwetu upepo una zamu: mchana unatoka ziwani na kupanda, usiku hadi asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Maana yake asubuhi nzima harufu yangu inateremka kwake. Mchana ingekuwa nafuu kwa upepo, lakini mchana jiko linawaka. Kati ya upepo mbaya na moto unaowaka nimechagua upepo mbaya, kwa sharti la kumaliza mapema.

Mpwa wangu alikuja kusaidia. Miaka kumi na minne, ana haraka ya ujana. Kabla sijafungua kipampu changu alikuwa ameshashika ncha ya mpira.

"Mjomba, nivute?"

Nikamwambia habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa chuo nilivuta mafuta ya pikipiki kwa mdomo, yakaja ghafla, nikayameza kidogo na kupaliwa. Tumboni haikuwa shida kubwa, kifuani ndiko nilikokoma. Petroli ni nyepesi, tone likiingia kwenye njia ya hewa linasambaa kwenye mapafu na kuyachoma. Nilikohoa wiki nzima. Nyumbani walitaka kunitapisha, na aliyezuia ni nesi mmoja jirani: ukitapika inapita njia ya mapafu mara ya pili. Aliyemeza apelekwe hospitali kama alivyo, bila kutapishwa.

Dumu tumeliweka chini ardhini kabisa, siyo juu ya turubai wala kwenye buti. Mafuta yanayotiririka yanazalisha umeme wa msuguano, na dumu likigusa ardhi umeme huo unapata pa kwenda. Ncha ya mpira tumeigusisha ukingo wa dumu. Minya, minya, minya, kisha ikaja yenyewe. Simu yangu niliiacha ndani. Sitaki kujifanya naiogopa simu kuliko jiko la mkaa au sigara, ila mtu anayepokea simu hashiki mpira kwa mikono miwili.

Zimetoka lita sita na kitu. Mfuniko umebanwa, dumu limelala chini ya mwembe kivulini, mbali na stoo na mbali na jokofu, ambalo nalo hutoa cheche zake kimyakimya likijiwasha. Saa mbili na dakika kumi nikapiga mluzi kwenda chini.

Jumapili, 15 Juni

Leo mpira na filta. Petroli ya jana imetulia usiku kucha. Juu safi, chini kumeshuka unga wa kutu. Sasa naelewa kwa nini gari lilikuwa linakosa pumzi kwenye kilima cha Bugando.

Injini ya sindano za mafuta inatunza presha kwenye mabomba hata ikiwa imezimwa, kama mara tatu ya presha ya hewa ya kawaida. Ukifungua filta kwa ubabe inakurushia usoni. Kwa hiyo jana, kabla ya kunyonya tenki, nilikuwa nimechomoa soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma na kuwasha gari. Likaunguruma sekunde chache, likafa lenyewe. Nikapiga stata mara mbili zaidi, kimya. Kisha nikatoa waya wa betri, upande wa hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unapata cheche nene kama kidole.

Pamoja na yote hayo, nilipolegeza nati ya filta petroli ilinimwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko. Kikombe kimoja hivi. Inabaridi kama spiriti ya sindano, halafu ngozi inabaki nyeupe na kavu. Glavu nyeupe za mpira, zile za hospitali, zilivimba na kulegea ndani ya dakika tano. Za bluu zilivumilia. Mafundi wengi hunawa petroli jioni ili kutoa grisi, na mimi nimewahi. Petroli ina benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu, na inapenya ngozi. Leo nimenawa kwa sabuni ya unga na maranda kutoka kwa seremala. Yanakwaruza, lakini grisi inatoka.

Kikombe kile kilianza kuteremka. Nikakimwagia mchanga. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mchanga haunywi petroli, unaishikilia tu, na mvuke unaendelea kutoka. Saa tatu kasoro dakika tano. Nikapiga kelele. Mama Samaki akatokea ukutani, kibiriti mkononi, hajawasha.

"Bado?"

"Bado, mama. Imemwagika kidogo."

Akakitia kibiriti kwenye kanga, akakifunga fundo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikusanya mchanga kwa koleo, nikautia kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, nikatandaza mwingine mkavu na kuukusanya tena. Alikaa pale hadi saa nne kasoro. Samaki wake aliwafunika kwa sinia. Alitaja Morogoro mara moja tu: Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, watu zaidi ya 100 waliokufa wakichota petroli. Hakuongeza neno na mimi sikuongeza. Kilo moja ya sangara nimenunua kwake leo kwa bei aliyoitaja, sikupunguza.

Mpira mpya umeingia, klipu mbili mpya, filta mpya, na washa za shaba mpya kwenye nati. Washa ya zamani ikishabanwa mara moja haizibi tena vizuri. Petroli safi ya juu nimeirudisha, kutu nimeibakiza kwenye dumu. Baada ya kurudisha soketi na betri nilipiga stata kidogo kidogo ili mafuta yafike, nikazima, nikapitisha karatasi nyeupe ya choo chini ya kila kiungo. Karatasi imetoka kavu. Umeme ulikatika tukiwa tunamalizia chini ya gari, mpwa akakimbilia mshumaa. Sijawahi kumpigia kelele mtoto wa dada yangu namna ile.

Jumamosi, 21 Juni

Daraja limefunguliwa juzi Alhamisi. Kilomita tatu juu ya maji, na mimi bado niko kwenye rejeta.

Mama Samaki ameniuliza kama leo awashe. Nikamwambia awashe, leo ni maji tu. Hata hivyo, hayo "maji tu" yana mambo yake. Ziwa letu liko mita 1,130 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria jikoni inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, haifiki 100. Mfuniko wa rejeta unabana presha ili maji yavuke hapo bila kuchemka. Ukiufungua injini ikiwa ya moto, presha inaondoka kwa mkupuo na maji yote yanakumbuka kwamba yalipaswa kuchemka zamani. Yanakurukia. Kipimo changu ni hozi ya juu: naiminya kwa kitambaa. Ikiwa ngumu kama paja la mcheza mpira, nangoja. Ikilegea, nafungua kwa tambara zito, robo mzunguko, nasikiliza, kisha ndiyo namalizia. Leo nilifungua gari likiwa limelala usiku mzima.

Yalitoka ya kahawia yenye kijani kwa mbali. Hicho kijani ni dalili ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, na ni sumu. Kulanti nyingi zina glikoli, ambayo ina ladha tamu, na mnyama haoni sababu ya kuiacha. Mwilini inageuka kitu kinachoharibu figo. Nilikuwa nimeingia ndani kufuata faneli, dakika mbili. Niliporudi, paka wa Mama Samaki, mnene, anayekula vichwa vya samaki kuliko mimi, alikuwa amesimama ukingoni mwa karai, ndevu zimegusa. Nikamrushia kandambili. Jirani aliona kandambili tu, hakuona karai, na kwa nusu saa hatukuwa na maelewano mazuri. Nikamshushia karai akaona, nikamweleza. Akambeba paka wake akaenda kumfungia jikoni.

Yote yapo kwenye dumu la lita 10, mfuniko, maandishi. Mapya nimechanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya chumvi kidogo ya bombani yameshaniharibia vya kutosha.

Betri ilichukua dakika ishirini. Vichwa vyake vilikuwa na unga mweupe. Nikavisugua kwa maji ya magadi, yakatoa povu yakinyamazisha asidi. Miwani machoni, hakuna kuvuta sigara karibu, maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi.

Jumamosi, 28 Juni

Breki. Mpwa anakanyaga pedeli, mimi nafungua kinipo, kile kinati chenye tundu kwenye breki ya gurudumu, tunatoa upepo na mafuta ya zamani kwa mpira mwembamba kwenda kwenye chupa. Mapya yana rangi ya samli iliyoyeyuka. Ya zamani yalitoka rangi ya chai ya rangi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata chupa ikiwa imefunguliwa tu mezani. DOT 3, aina ninayotumia, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na kwenye mteremko mrefu hapo ndipo pedeli inapozama. Kwa hiyo chupa ya mwaka jana iliyobaki nusu niliitupia jicho nikaiacha. Muuza duka mmoja alinishauri niongezee oili kidogo "ili isikauke". Oili inavimbisha mipira ya breki. Nilimshukuru nikaondoka.

Tone moja liliangukia boneti. Nililiona baada ya dakika kumi, rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mafuta haya yanakula rangi. Dawa ni maji mengi papo hapo. Kufuta kwa tambara ni kuyasambaza.

Sasa la aibu. Mimi huenda shuleni na chai ya rangi yenye tangawizi kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Kila siku, miaka. Tulipomaliza, mpwa aliichukua ile chupa ya breki akaiweka dirishani jikoni isije ikapigwa teke. Saa moja usiku umeme hakuna, nimechoka, nina kiu, nikapapasa dirishani nikakuta chupa. Nilifungua mfuniko nikaifikisha mdomoni. Harufu ndiyo iliyonizuia, ile ya utamu wa dawa. Mdomo wa chupa ulikuwa umeshagusa mdomo wangu wa chini.

Nilikaa jikoni gizani muda. Wiki mbili nimemhubiria jirani, mpwa, hata paka. Chupa ya maji nilichagua mwenyewe tarehe mosi, imeandikwa hapo juu.

Tumeyahamishia kwenye kopo la mafuta ya breki mapya lililobaki tupu. Mpwa ameandika SUMU kwa kalamu nzito na kuchora fuvu lenye meno mengi kupita kiasi. Liko juu ya kabati la stoo. Ile chupa nimeitoboa.

Jumamosi, 5 Julai

Oili. Injini niliipasha dakika tano tu, oili iwe vuguvugu: ya baridi haitoki yote, ya moto inakuunguza kiganja nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikikuponyoka. Gari juu ya stendi mbili, jeki nimeiachia. Mkono wa kushoto umeshika karai, wa kulia unazungusha nati huku ukiisukuma juu, kisha unaivuta kwa mara moja. Hata hivyo ilianguka ndani. Huwa inaanguka.

Ndani ya saa moja wateja watatu walitokea. Seremala alitaka oili chafu kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Kijana wa zege alitaka kupaka mbao zisishikane na simenti. Wa bodaboda alitaka ya mnyororo. Kwetu oili chafu ni mali, na nimeona watu wakiimwaga barabarani kutuliza vumbi wakijiona wamefanya hisani. Lakini oili iliyozunguka kwenye injini imebeba vyuma na masizi ambayo yakikaa kwenye ngozi miaka na miaka yanaleta saratani, na nguzo za seremala ziko ukingoni mwa mtaro. Mvua za Novemba zitaiosha hadi Mirongo, na mdomo wa Mirongo hauko mbali na Capri Point, yanakovutwa maji ya bomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nyumba yangu iko nje ya mita hizo, ila maji ya mvua hayabebi futi kamba.

Mnyororo wa bodaboda niliupaka grisi mpya. Wengine niliwanyima, na seremala amenuna, maranda nitakosa.

Mchana nilipeleka dumu gereji moja yenye pipa la kukusanyia, mnunuzi hulipitia. Mwenye pipa alifungua mfuniko akanusa kabla ya kumimina. "Watu wanachanganya na petroli, au maji ya rejeta," alisema. "Ikichanganywa hainunuliki, na petroli ikiingia humu tumelala na bomu." Yangu ilipita. Kutu ya petroli aliikubali kwenye kopo lake la pembeni. Kulanti amesema nilete siku nyingine. Filta ya zamani ya oili niliitoboa nikaiacha ichuruzike juu ya karai hadi jioni. Ilitoa oili ya kujaza glasi.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Nimevuka. Saa mbili asubuhi madirisha yamefungwa makusudi, nanusa kama mbwa, hakuna harufu. Pedeli iko juu, joto liko katikati. Darajani mpwa alitoa kichwa nje kutafuta vivuko, akaonyesha kwa kidole gati la zamani.

Mama alitupokea na sato wa kuchoma. Alizunguka gari akaona boneti, "Baba, hapa umegongwa?" Nikasema ni mafuta ya breki, akatikisa kichwa kama aliyesikia uongo.

Jioni aliniomba nimjazie taa. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda, nusu, kitu cheupe kama maji. Ilikuwa kwenye kona ya mtungi, karibu na kata ya kunywea.

"Mama, hii nini?"

"Si mafuta ya taa hayo."

"Na wajukuu wakija?"

"Wanajua."

Mpwa alikuwa ameshafungua begi anatafuta ile kalamu. Fuvu la leo limepungua meno. Kopo la bati lenye mfuniko tulilipata dukani kwa jirani yake kabla hawajafunga. Mama alilalamika kwamba halioneshi yamebaki kiasi gani, nikampigia mstari kwa nje.

Yaliyobaki: dumu la kulanti na kopo la breki, vyote stoo, juu. Mwenye pipa amesema Alhamisi.